Mipako ya Joto kwenye Injini ya Pikipiki Inayopozwa kwa Upepo: Mwongozo Kamili wa Fundi

Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea Boxer yake gereji, akaisimamisha kwenye stendi kubwa, akaielekezea injini kidole kama mtu anayemshtaki mtoto. "Fundi, nimeipaka rangi ya kuzuia joto. Mbona sasa inachemka kuliko mwanzo?"

Nikachuchumaa. Silinda nzima ilikuwa inang'aa rangi ya fedha, ile ya mafuta inayopakwa kwenye mageti. Katikati ya mapezi, vile vipande vyembamba vinavyoizunguka silinda, kule ndani kwenye shina, rangi ilikuwa imetuama na kuganda kama uji uliosahauliwa sufuriani.

"Umepiga mikono mingapi, mdogo wangu?"

"Mitatu. Wa nne rangi iliniishia."

Bahati yake rangi iliisha. Kosa lilianzia kwenye jina lenyewe: "rangi ya kuzuia joto". Mapezi hayataki joto lizuiwe, yanataka litoke haraka. Ekzosi ndiyo inayotaka joto libaki ndani mpaka lifike mwisho wa bomba. Pistoni nayo ina shida nyingine kabisa, msuguano. Kwa hiyo mipako ya injini ina kazi tatu: kutoa joto, kufungia joto, na kulainisha. Ukichukua mpako wa kazi moja ukaupeleka kwenye sehemu ya kazi nyingine, unaharibu. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na mfano wangu ni pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150 zinazopozwa kwa upepo, yaani Boxer, TVS HLX na za ukoo wa Honda CG125, maana ndizo zinazopita mikononi mwangu kila siku.

Joto linapita wapi

Hapa kuna hesabu kidogo. Usiiruke, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa na wauza makopo.

Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa na kula lita 1 kwa kilomita 50, kwa saa moja inachoma lita 1 ya petroli. Lita hiyo ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Kama robo hivi inafika kwenye tairi. Theluthi au zaidi inatoka na moshi. Sehemu kubwa ya kinachobaki, tuseme kilowati 3, inapaswa kupita kwenye ukuta wa silinda, hedi (kichwa cha silinda) na oili, kisha iende hewani. Hakuna rejeta wala pampu ya maji. Kuna mapezi, yaliyopangana kuzunguka silinda na hedi kama kurasa za kitabu, na kuna upepo.

Joto linaliacha pezi kwa njia mbili. Njia kubwa ni upepo unaopita na kulibeba. Njia ndogo ni mionzi, ile unayoisikia shavuni ukikaa kando ya jiko la mkaa ingawa upepo unavuma kutoka upande wako. Na hapa ndipo rangi inapopata kazi. Aluminiamu tupu inayong'aa ni bahili: inatoa kama asilimia 5 hadi 10 tu ya mionzi ambayo uso mweusi kabisa ungetoa kwenye joto lilelile. Ikichakaa na kupauka inapanda hadi 20 au 30. Ukiipaka rangi, inafika 90.

Nyeusi au nyeupe? Ubishi huu nimeukuta vijiweni mara nyingi, na jibu huwaudhi wote wawili: karibu sawa. Kwenye joto la injini mionzi yenyewe haionekani kwa macho, na kwa mionzi hiyo nyeupe na nyeusi ni ndugu. Rangi ya fedha ndiyo inayobaki nyuma, kwa sababu ndani yake kuna unga wa aluminiamu. Kijana wangu alikuwa amechagua rangi mbaya kuliko zote dukani.

Sasa tuone faida ni kiasi gani. Pezi likiwa na nyuzijoto 150 za Selsiasi na hewa ikiwa 30, kila mita ya mraba ya uso uliopakwa inatupa wati 1,200 hivi kwa mionzi. Aluminiamu inayong'aa inatupa 130 au chini yake. Lakini mapezi yanatazamana, yanarushiana joto kama watoto wanaorushiana mpira, kwa hiyo kinachohesabika ni umbo la nje tu, si eneo lote la mapezi. Kwa injini ndogo umbo hilo ni kama sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Unachopata, basi, ni wati 100 hivi.

Wati 100 kati ya kilowati 3 ni asilimia 3. Ukiwa barabarani na upepo unapuliza, hutaiona. Ila ukiwa umesimama kwenye foleni injini ikinguruma taratibu, ikila tuseme robo lita kwa saa, mapezi yanabeba wati mia kadhaa tu na upepo hakuna. Hapo wati 100 ni kitu. Ndiyo maana nawaambia wateja kuwa mpako wa mapezi ni dawa ya foleni, si dawa ya mlima. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na mwinuko, akiwa na abiria wawili na gunia la viazi, hana rangi itakayomsaidia. Ashushe mzigo, ashuke gia, apumzishe injini njiani.

Na unene? Mpako wa mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), chini ya nusu ya unene wa unywele, unazuia joto kwa kiwango kisichofika asilimia 1. Rangi ya nusu milimita inazuia kama asilimia 12, na bado inabana njia ya upepo. Tope kavu la milimita 3 linazuia robo au zaidi. Umeona? Kabla ya kununua kopo lolote, brashi na maji vinaweza kukupa kuliko rangi yote ya dukani.

Kabla ya rangi: hakikisha injini si mgonjwa

Injini inayochemka kupita kiasi mara nyingi ina sababu, na kuipaka rangi ni kumpaka poda mtu mwenye homa. Pitia haya kwanza.

Angalia oili: kiwango chake, umri wake, na kama ni ya pikipiki kweli. Klachi ya pikipiki hizi inaoga kwenye oili hiyohiyo ya injini, kwa hiyo tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Oili ya gari yenye vipunguza msuguano inaweza kutelezesha klachi, na klachi inayoteleza ni jiko lingine ndani ya injini.

Fungua plagi. Ncha ikiwa rangi ya chokoleti, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inakula hewa nyingi kuliko petroli, na moto wa namna hiyo unachoma. Usikimbilie kugusa kabureta. Kagua kwanza mpira unaounganisha kabureta na hedi: ukipasuka hata ufa mdogo, unavuta hewa ya wizi. Nyunyizia maji kidogo pale injini ikiwa inanguruma. Mngurumo ukibadilika, umepata mwizi.

Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi kabisa. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, ila fuata kitabu cha pikipiki yako. Valvu ya moshi iliyobana haikai vizuri kwenye kiti chake, na kiti ndiko inakopoteza joto. Halafu zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Breki inayoshika na cheni iliyokazwa kama uzi wa gitaa vinaifanya injini ivute mzigo usioonekana.

Pima kabla, au usipime kabisa

Mtu asiyepima kabla hana haki ya kusema baadaye kwamba rangi imefanya kazi. Chombo ninachokipenda ni waya wa kupimia joto wa aina ya K, ule unaochomekwa kwenye mita ya umeme yenye sehemu ya joto. Unapatikana wenye ncha ya pete inayokaa chini ya plagi mahali pa washa, yaani kile kipete cha plagi. Ukikosa wa pete, bana ncha ya waya wa kawaida kwa boliti ndogo kati ya mapezi mawili karibu na plagi, na uweke alama ili kesho ubane palepale.

Kisha tembea njia yako. Barabara ileile, saa ileile, mzigo uleule. Andika mambo matatu kwenye daftari: joto baada ya dakika 15 za mwendo wa kawaida, joto baada ya kupanda mlima unaoujua, na joto baada ya dakika 5 za kusimama injini ikinguruma. La tatu ndilo litakalobadilika. Chini ya plagi mimi huanza kuwa na wasiwasi namba ikipita 200, na ikipita 220 nasimama kivulini.

Kile kipima joto cha kupiga kama bastola kina mtego mbaya sana, na kimewadanganya watu wengi. Kinasoma mionzi, na kiwandani kimewekwa kikidhani kila uso unatoa kama asilimia 95. Ukikielekeza kwenye aluminiamu tupu yenye nyuzi 150, kinaweza kukuonyesha 70. Ukipaka rangi, kinaanza kusema ukweli, na namba inapanda ghafla ingawa injini imepoa. Mwingine anaelekeza pembeni, anapata namba ndogo, anashangilia bure. Kama ndicho ulichonacho, weka doa dogo la rangi nyeusi ya joto kwenye pezi moja kabla ya kazi yote, na upime hapo tu, kabla na baada.

Kusafisha: hapa ndipo kazi ilipo

Wakati mzuri wa kazi hii ni pale injini inapofunguliwa kwa sababu nyingine, ringi au gasketi, ili silinda na hedi viwe mezani. Ikibidi ifanyike ikiwa kwenye fremu, vua tangi na ekzosi, acha plagi ikae mahali pake, na ziba mdomo wa kuingiza hewa na mdomo wa moshi kwa matambara safi.

Anza na mafuta ya taa na brashi ngumu. Mswaki wa zamani unaingia pasipoingia brashi kubwa. Kwa shina la mapezi natumia ubapa wa msumeno wa chuma: chukua kipande kilichokatika, kifunike kwa msasa namba 220 uliokunjwa mara mbili, meno yakiwa ndani, kisha sukuma na kuvuta katikati ya pezi na pezi. Ni kazi ya kuudhi. Inachukua saa nzima, na ukimaliza vidole vinanuka mafuta ya taa mpaka kesho. Lakini rangi inashika palipokwaruzwa, na pasipokwaruzwa inabanduka kama ganda la kitunguu.

Osha kwa maji ya sabuni, suuza, acha ikauke juani. Mwisho kabisa pangusa kwa kitambaa safi chenye thina, na tangu hapo usiiguse kwa kidole. Alama ya kidole chenye jasho ni mafuta, na rangi itakuonyesha baadaye ulishika wapi.

Maonyo mawili. Usitumie kostiki soda, wala dawa yoyote ya kusafishia majiko yenye kostiki ndani, kwenye aluminiamu. Itatoa povu utafurahi, kumbe inakula chuma. Na ukipeleka silinda ikapigwe mchanga kwa kompresa, ujue punje moja iliyojificha kwenye tundu la oili inatosha kuua ringi na beringi. Mimi napiga mchanga ekzosi tu. Silinda na hedi nasugua kwa mkono.

Baadhi ya silinda za ukoo wa CG ni za chuma cha kutupwa, si aluminiamu. Hizo zina kutu, na kutu lazima iondoke yote kwa brashi ya waya. Kwa hizo mpako una faida ya pili inayozidi hata ya joto: kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani inatafuna mapezi ya chuma taratibu mpaka yanakuwa kama meno ya mzee.

Kuziba sehemu zisizopakwa

Tumia tepu ya karatasi. Ziba nyuso zote za gasketi, nyuzi za tundu la plagi na pale washa inapokaa, mahali nati za hedi zinapokaa, na kidirisha cha oili. Rangi chini ya nati inalainika kwa joto, nati inalegea, na gasketi ya hedi inaanza kuvuja bila mtu kuelewa kwa nini.

Ziba pia namba ya injini. Imechongwa kwenye bloki ya chini, na siku ya kuuza pikipiki au ya kukaguliwa na askari itatafutwa ilinganishwe na kadi. Namba iliyofukiwa na rangi inageuza kazi nzuri ya fundi kuwa maelezo marefu kituoni.

Kupaka mapezi

Nunua rangi ya kupuliza ya injini, nyeusi isiyong'aa, iliyoandikwa kwenye kopo kuwa inavumilia zaidi ya nyuzi 200. Zipo nyingi zinazovumilia hadi karibu 290, na zinatosha. Ile ya ekzosi ya nyuzi 600 na zaidi inavutia kwa namba yake, lakini usiipeleke kwenye hedi: aina nyingi haziivi vizuri mpaka zifike nyuzi 300 hivi, na hedi yako haitakiwi kufika huko hata siku moja. Ikibaki mbichi, tone la petroli linaifuta. Rangi ya mafuta ya nyumba na rangi ya kawaida ya bodi ya gari, sahau.

Paka asubuhi umande ukishakauka, si alfajiri. Acha chuma kipate jua mpaka kiwe vuguvugu mkononi. Tikisa kopo dakika nzima na zaidi. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 30, na uanze kupuliza kabla hujafika kwenye silinda, uache baada ya kuipita, ili matone ya mwanzo yaanguke pembeni.

Mapezi yanakingana, kwa hiyo ukipuliza kutoka mbele tu, shina linabaki tupu na ncha zinanenepa. Puliza kimshazari: kutoka juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi, chuma bado kionekane. Subiri dakika 10. Mkono wa pili ufunike. Acha hapo. Chunguza kwa tochi: ukiweza bado kuona mkwaruzo wa msasa chini ya rangi, unene ni sawasawa. Ukiona ukingo wa pezi umekuwa wa mviringo, au rangi imetuama kwenye shina, futa kwa thina uanze upya kabla haijakauka. Najua inauma.

Kuna wanaouliza habari ya rangi ya unga inayochomwa kwenye oveni. Inadumu, lakini ni nene zaidi na inapenda kujaa kwenye mashina. Kwa kifuniko cha klachi ni nzuri. Kwa mapezi naiacha.

Kuivisha kwa moto

Rangi ya injini ikikauka juani bado haijaiva. Kama hedi na silinda viko mezani na una oveni ya gereji, nyuzi 95 kwa nusu saa zinatosha kwa rangi nyingi, soma kopo. Usitumie oveni ya mama nyumbani. Moshi wa rangi unabaki humo, na mkate wa Jumapili utakusimulia.

Kwenye pikipiki yenyewe, fanya hivi siku ya pili. Washa dakika 5, zima, acha ipoe kabisa. Washa dakika 10, zima, ipoe. Kisha tembea taratibu dakika 20 bila abiria. Itatoa harufu na moshi kidogo. Fanya nje, si ndani ya gereji. Usiiache ikinguruma nusu saa nzima ukidhani ndiyo kuivisha, kwa sababu bila upepo unaichemsha injini uliyokuja kuipoza.

Ekzosi: kazi ya kinyume

Bomba la ekzosi likitoka kwenye hedi linabeba gesi ya nyuzi mia kadhaa, na lina mdomo wake karibu kabisa na mapezi. Linachoma shavu la mguu wa abiria pia. Dada zetu wanaovaa sketi wanaijua alama hiyo. Hapa tunataka joto libaki ndani mpaka mwisho wa bomba.

Mpako wa kweli wa kazi hii ni wa kauri, unaofanywa na karakana yenye vifaa. Wengi wetu tutabaki na rangi ya silikoni ya nyuzi 600 na zaidi, na tuseme ukweli: hiyo inazuia kutu tu. Haifungii joto, ni nyembamba mno kwa kazi hiyo. Lakini kuzuia kutu pwani ni faida ya kutosha. Sugua mpaka chuma cheupe, pangusa kwa thina, piga mikono miwili au mitatu myembamba, halafu ivishe kwa hatua, dakika chache mara tatu na kupoa katikati, mwendo ukiongezeka kila safari.

Kitambaa cha kuzungushia bomba kinapendwa kwa sababu kinaonekana cha mashindano. Kinapunguza kweli joto linalomfikia mpanda. Lakini kinaifanya chuma ya bomba lenyewe iwe na joto zaidi, kinanyonya maji ya mvua na kuyakumbatia, na bomba la chuma cha kawaida linaoza kwa ndani ya kitambaa bila kuonekana. Kikilowa oili kinaweza kushika moto. Kwa bodaboda inayolala nje Tanga au Mombasa, nachagua ngao ya bati yenye nafasi ya hewa kati yake na bomba. Kinga hiyo inaulinda mguu kuliko rangi yoyote.

Ndani ya injini

Hapa mkono wa fundi wa kawaida unapaswa kuwa mwepesi wa kununua na mzito wa kupaka.

Ukinunua pistoni mpya, tazama sketi yake, ile sehemu ya chini inayoteleza ukutani. Pistoni nyingi nzuri zina doa la kijivu iliyokoza au jeusi pande mbili. Huo ni mpako wa kulainisha, wa grafaiti au wa molibdenamu na salfa ndani ya gundi ya resini, unene wake mikroni 10 hadi 20 hivi. Unasaidia injini inapowashwa ikiwa baridi, oili haijafika juu, na injini inapochemka mpaka utando wa oili unachanika. Usiusugue kwa msasa "ili pistoni iingie vizuri". Nimewaona vijana wakifanya hivyo kwa bidii. Ukichakaa taratibu ni kawaida. Ukikuta umechubuka upande mmoja kwa mistari ya wima, tafuta chanzo cha joto au uchafu.

Juu ya kichwa cha pistoni, mashindanoni, wanapuliza kauri ya zirkonia kwa moto wa plazima ili joto la mlipuko lisizame kwenye pistoni. Aluminiamu tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi za pistoni huanza kulainika mapema zaidi, kwa hiyo wazo lina mantiki. Ila kuna mtu huchukua kopo la rangi ya ekzosi akapaka kichwa cha pistoni, akaita kauri. Inabanduka, vipande vinaingia kati ya ringi na ukuta, na silinda inachorwa mistari ambayo hakuna msasa utakaoitoa. Usifanye.

Kwa ukuta wa silinda kuna mpako wenye historia yake. Mwaka 1967 kampuni ya Mahle ya Ujerumani ilileta Nikasil, nikeli yenye chembe za silikoni kabidi ndani yake, na Porsche wakaitumia kwenye injini zao za upepo, ikiwemo ile ya 911 Carrera RS 2.7. Faida yake kwa joto ni kwamba silinda inaweza kuwa aluminiamu tupu bila laini ya chuma (lile bomba la ndani ambamo pistoni inateleza), na aluminiamu inapitisha joto mara tatu ya chuma cha kutupwa au zaidi. Kwako wewe somo ni moja: silinda yenye mpako wa namna hii haichongwi kuongezwa saizi kama tunavyochonga laini za chuma. Ukichonga umekula mpako wote. Uliza kabla ya kupeleka kwenye mashine.

Baada ya kazi

Rudia safari zako tatu na daftari lako. Tarajia namba ya mwendo ibaki palepale au ishuke kidogo, namba ya mlima vilevile, na namba ya kusimama ishuke vya kuonekana. Ikiwa ya mwendo imepanda, umepaka nene au umeacha tambara mahali. Nimewahi kuacha tambara kati ya silinda na fremu, basi nasema ninachokijua.

Usimwagie injini ya moto maji baridi. Vijana wa kuosha pikipiki wanapenda kupiga maji ya presha injini ikitoa mvuke. Rangi inapasuka kwanza, na siku moja pezi au hedi inaweza kufuata. Msubirishe mwenye pikipiki nusu saa, anywe chai. Msimu wa mvua kwangua tope kwenye mapezi kila jioni kwa mti wa mwanzi; bisibisi inachubua.

Rangi itaanza kubanduka mahali pamoja kabla ya pengine pote: kuzunguka mdomo wa moshi, pezi mbili au tatu za karibu na nati za ekzosi. Hapo ndipo pa moto zaidi. Kila unapobadilisha gasketi ya ekzosi sugua sehemu hiyo, piga mkono mmoja mwembamba, uivishe. Yule kijana wa Boxer tulimtoa rangi yake ya fedha kwa thina na ule ubapa wa msumeno, siku mbili nzima, akisugua mwenyewe upande wa kulia na mimi wa kushoto.